Mzigo wa Mkononi Una Mabwana Watatu

Asubuhi moja, katika kiwanja kimoja cha ndege humu nchini, nilishuhudia kisa ambacho hadi leo hakijanitoka akilini. Kijana wa miaka kumi na tisa hivi, aliyekuwa akielekea Ulaya kwa masomo, alisimama mbele ya kaunta ya shirika fulani la ndege akitokwa na jasho ilhali kulikuwa na baridi kali. Nyuma yake walikuwepo baba na mama yake, shangazi zake wawili, mchungaji wa kanisa lao na watoto kadhaa, wote wakiwa wamesafiri usiku kucha kutoka viungani mwa Eldoret ili kumsindikiza. Mkoba wake wa mkononi ulikuwa umewekwa kwenye mizani, nayo mizani ikaonyesha kilo 11. Tikiti yake ilimruhusu kilo 7. Sanduku lake kubwa lilikuwa limekwisha kwenda na mkanda likiwa na kilo 18 pekee kati ya 23 alizoruhusiwa, na hapakuwa na mtu wa kulirudisha.

Basi mkoba ukafunguliwa pale pale sakafuni, mbele ya macho ya watu. Vikatoka viatu, Biblia, pakiti mbili za unga wa wimbi, kikokotoo, bahasha ya kaki yenye vyeti vyake vyote vya shule, na betri ya akiba ya kuchajia simu. Shingoni mwa shangazi mmoja kilining'inia kibuyu cha mursik cha lita mbili, ambacho kilikusudiwa kupanda ndege pamoja na kijana. Karani alisema uzito umezidi. Askari wa ukaguzi aliyekuwa karibu akasema kibuyu hakipiti kwa kuwa kina kimiminika. Msafiri mmoja mzoefu, aliyekuwa kwenye foleni, akadakia kwamba hata kama kingepita, huko aendako maziwa hayaruhusiwi kuingia. Baba mtu akawatazama wote kwa zamu, kisha akauliza kwa upole: "Sasa, wanangu, sheria yenyewe ni ipi?"

Hakupata jibu. Na si kwamba wale watatu walikuwa wakidanganya. Kila mmoja alisema kweli, ila kila mmoja alikuwa akinena sheria ya bwana tofauti. Huo ndio utata ambao safu hii inataka kuufafanua, maana mwaka baada ya mwaka wana wa Uasin Gishu, Nandi, Elgeyo-Marakwet na Trans Nzoia huabiri ndege kwenda ng'ambo, wengine kukimbia mbio, wengine kusoma, na wengine kutafuta kazi katika nchi za Ghuba, na wengi wao hujifunza kanuni hizi mara ya kwanza wakiwa wamepiga magoti sakafuni mbele ya kaunta.

Bwana wa kwanza ni shirika la ndege. Uzito na ukubwa wa mzigo wa mkononi, pamoja na idadi ya mikoba, hayo kwa kawaida si mambo yanayoamuliwa na serikali, wala hakuna mkataba wa kimataifa unaoyataja. Ni masharti ya biashara kati ya abiria na shirika lililomuuzia tikiti. Ndiyo maana yanatofautiana kama bei za nguo sokoni. Emirates, Qatar Airways na Ethiopian Airlines humruhusu abiria wa daraja la kawaida kilo 7. Turkish Airlines humruhusu 8. KLM humpa 12, lakini humo umehesabiwa hata mkoba mdogo wa begani. British Airways nayo huruhusu mkoba wa hadi kilo 23, mradi tu mwenyewe aweze kuuinua kuuweka kabatini bila kusaidiwa. Yule kijana wetu, kwa mkoba ule ule wa kilo 11, angalipita mbele ya karani mmoja kama mfalme na kusimamishwa mbele ya mwingine kama mhalifu.

Kuhusu ukubwa, Muungano wa Kimataifa wa Mashirika ya Ndege, IATA, hutaja kipimo cha sentimita 56 kwa 45 kwa 25, magurudumu na mishikio ikiwemo. Wengi hudhani hiyo ni sheria. La hasha, ni mwongozo tu. Mnamo Juni 2015 muungano huo ulijaribu kupendekeza kipimo kimoja kwa ulimwengu mzima, sentimita 55 kwa 35 kwa 20. Zikapita siku chache tu, malalamiko yakafurika, hasa kutoka Amerika Kaskazini ambako watu walilia kwamba mikoba yao ingepunguzwa, na mpango ukawekwa kando. Ikiwa wenye ndege wenyewe walishindwa kuafikiana juu ya urefu wa sanduku, tusishangae mkulima wa mahindi wa Moiben akichanganyikiwa.

Msafiri wa Eldoret ana utata mwingine wa ziada. Kiwanja cha ndege cha Eldoret, kilicho umbali wa takriban kilomita 16 kutoka mjini kwenye barabara ya kwenda Kapsabet, kilifunguliwa mwaka wa 1997 kikiitwa cha kimataifa, na njia yake ya kurukia ndege ina urefu wa takriban kilomita 3.5. Waliokuwa wakisoma magazeti miaka ile watakumbuka kelele zilizokuwepo kuhusu gharama na haja yake. Jina la kimataifa kimelipata zaidi kwa ndege za mizigo. Abiria wa kawaida aendaye ng'ambo hana budi kwenda Nairobi kwanza, ama kwa barabara, zaidi ya kilomita 300, ama kwa ndege ndogo za humu nchini. Akienda kwa ndege ndogo, ajue kuwa makabati ya humo ni madogo vilevile, na kwamba kipimo cha safari yake yote huwa ni kile cha ndege yenye masharti makali zaidi, hasa ikiwa amenunua tikiti mbili mbalimbali. Shirika linalompeleka Nairobi halina wajibu wa kujali kwamba lile la kutoka Nairobi linamruhusu kilo nyingi zaidi.

Kwa bwana huyu wa kwanza kuna mapatano, lakini ni mapatano ya fedha. Mzigo uliozidi hulipiwa, na malipo ya kaunta aghalabu huwa makubwa kuliko yale ya kulipia mapema. Sioni haya kusema kuwa mashirika kadhaa yameifanya kaunta kuwa duka. Tikiti huuzwa kwa bei ya kuvutia, kisha faida hutafutwa katika mizani. Hata hivyo ni biashara halali maadamu masharti yameandikwa. Swali ni yameandikwa wapi, kwa lugha gani, na nani ameyasoma. Nitalirudia swali hili hapo mbele.

Bwana wa pili ni usalama wa anga. Huyu hana kaunta ya kulipia, wala hajui kubembelezwa. Amri zake hutoka kwa serikali, zikifuata viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lililozaliwa na Mkataba wa Chicago wa mwaka wa 1944. Kiambatisho cha 17 cha mkataba huo, kinachohusu ulinzi wa ndege dhidi ya hujuma, kilipitishwa mwaka wa 1974 kufuatia wimbi la utekaji nyara wa ndege. Tangu hapo silaha za moto zilijulikana kuwa mwiko. Maji ya kunywa, hata hivyo, hayakuwa na neno.

Mambo yaligeuka tarehe 10 Agosti 2006. Siku hiyo polisi wa Uingereza walitangaza kuwa wamewatia mbaroni watu waliokuwa wakipanga kulipua ndege zilizokuwa zikivuka Bahari ya Atlantiki kutoka London, kwa kutumia vilipuzi vya majimaji vilivyofichwa katika chupa za vinywaji baridi. Kwa siku kadhaa baadaye, abiria walioondoka Uingereza hawakuruhusiwa kuingia na chochote isipokuwa pasipoti, pochi na vitu vichache vya lazima, tena ndani ya mfuko wa kuonekana. Novemba mwaka huo huo Umoja wa Ulaya uliweka kanuni ambayo ICAO iliipendekeza kwa ulimwengu mzima: kila kimiminika kiwe katika chombo kisichozidi mililita 100, na vyombo vyote vitoshee ndani ya mfuko mmoja wa lita 1, unaoangaza na unaofungika. Dawa za mgonjwa na maziwa ya mtoto mchanga vilisamehewa, mradi vionyeshwe kwa mkaguzi.

Hapa kuna jambo ambalo walimu wa sayansi wangefaa kulitilia mkazo, kwa maana ndilo huwaponza wengi. Kinachopimwa ni chombo, wala si kilichomo. Chupa ya mililita 250 iliyobakiwa na mafuta ya kujipaka kiasi cha vijiko viwili haipiti. Tena neno kimiminika kwa mkaguzi lina upana kuliko lilivyo katika kitabu cha Fizikia. Siagi ya njugu, asali, dawa ya meno, jeli ya nywele, mtindi, vyote hivyo humo. Mursik, ambayo ni maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa ya mti wa senetwet, nayo imo, hata ingekuwa nzito ya kuliwa kwa kijiko. Wanariadha wetu warejeapo kutoka mashindano ya dunia hulakiwa kwa kibuyu hicho, kamera zikimulika, na pengine hapo ndipo wengi walipopata dhana kwamba mursik na viwanja vya ndege ni ndugu. Lakini tazama vizuri picha hizo. Kibuyu hunywewa upande wa wanaowasili, baada ya ukaguzi wote kwisha.

Kanuni hii ya mililita 100 sasa imeanza kulegea mahali pachache. Mashine mpya za ukaguzi, zinazofanana na zile za hospitali zipigazo picha za mwili kwa tabaka, zaweza kutambua kilichomo ndani ya chupa. Kwa sababu hiyo mnamo Julai 2025 kiwanja cha Edinburgh kule Uskoti kiliruhusu vyombo vya hadi lita 2. Habari kama hiyo huenea upesi, na mwenye kuisikia nusu hudhani kwamba ulimwengu mzima umefunguliwa. Sivyo. Abiria hufungwa na kanuni ya kila kiwanja anachokaguliwa, na yule anayebadilisha ndege Doha au Amsterdam hukaguliwa tena huko. Hata manukato yaliyonunuliwa katika duka lisilotozwa ushuru yanaweza kutupwa njiani yasipokuwa ndani ya mfuko maalumu uliofungwa na muuzaji, stakabadhi ikiwa ndani. Na arejeapo Kenya na mfuko huo wa plastiki, atatakiwa kuuacha kiwanjani, kwani tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini. Ulimwengu humlazimisha kuubeba na nyumbani humlazimisha kuutupa. Hapo sina la kuongeza.

Ungaunga nao una hadithi yake. Tangu tarehe 30 Juni 2018, kwa safari zinazoelekea Marekani, unga au poda ya zaidi ya mililita 350 katika mzigo wa mkononi hufanyiwa ukaguzi wa ziada, na mkaguzi asiporidhika huizuia. Miezi minne baadaye, Oktoba mwaka huo, Kenya Airways ilianzisha safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York, na wanafunzi wengi wakajikuta wakieleza wimbi ni nini kwa watu wasiopata kuiona. Unga wa uji hauna kosa lolote. Mahali pake ni katika sanduku kubwa.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho mahali pake si katika sanduku kubwa kamwe, nacho ndicho chenye uzito wa habari kwa sasa. Nacho ni betri ya akiba, ile ambayo vijana huiita pawabenki. Watu wengi, kwa kutaka kuupunguzia mkoba uzito, huitumbukiza katika sanduku linalokwenda tumboni mwa ndege. Hilo ni kosa la hatari. Betri za lithiamu zikiumia au zikiwa na hitilafu hupata joto la kujiongeza lenyewe hadi zikawaka, na moto wake ni mgumu kuuzima. Ukizuka ndani ya chumba cha abiria, wahudumu watauona na kuupiga maji. Ukizuka chini gizani, hakuna atakayeuona mapema. Kwa hiyo kanuni inasema betri za akiba zisafiri na abiria, na si vinginevyo.

Tarehe 28 Januari 2025 ndege ya shirika la Air Busan ilishika moto katika kiwanja cha Gimhae, Korea Kusini, kabla haijaruka. Abiria na wahudumu wote waliokolewa, lakini ndege iliteketea, na wachunguzi walielekeza shaka yao kwenye betri ya akiba iliyokuwa katika kabati la juu ya viti. Tangu hapo mashirika mengi yamekaza kamba. Emirates, ambayo husafirisha Wakenya wengi mno, ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025 abiria anaruhusiwa betri moja tu ya akiba, asiitumie wala asiichaji ndani ya ndege, na asiiweke katika kabati la juu.

Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Kati ya 100 na 160 huhitajika idhini ya shirika, na zaidi ya hapo hairuhusiwi. Tatizo ni kwamba betri nyingi sokoni huandikwa kipimo kingine, miliampia-saa. Mwalimu wa Fizikia aweza kulitumia jambo hili kwa dakika kumi za somo. Chukua miliampia-saa, gawanya kwa 1,000, kisha zidisha kwa volti za betri, ambazo aghalabu ni 3.7. Betri ya 20,000 basi ina wati-saa 74 na inapita. Ile ya 30,000 ina 111, na mwenyewe atasimamishwa. Betri isiyokuwa na maandishi yoyote, kama zile zinazouzwa kwa bei rahisi kando ya barabara, mkaguzi ana haki ya kuikataa kwa kuwa hana njia ya kujua ina nguvu kiasi gani.

Kuna ambao watakumbuka kuwa mnamo Machi 2017 Marekani na Uingereza ziliamuru kinyume cha haya, kwamba kompyuta za mkononi zisiingie na abiria waliotoka viwanja kadhaa vya Mashariki ya Kati na jirani zake, bali ziende chini pamoja na masanduku. Abiria wa Nairobi waliokuwa wakipitia Dubai, Doha au Istanbul kwenda Marekani waliathirika. Wataalamu wa moto walinung'unika, hofu ya mabomu na hofu ya betri zikavutana, na baada ya miezi michache amri ya Marekani ikaondolewa kiwanja kimoja baada ya kingine. Nimeitaja ili msomaji aone kwamba kanuni hizi hazikuteremshwa kutoka mbinguni. Hutungwa na watu, hubadilishwa na watu, na aliyezikariri mwaka juzi aweza kukosea mwaka huu.

Bwana wa tatu humngoja msafiri upande wa pili wa safari. Ni serikali ya nchi aendako, na mikono yake ni maafisa wa forodha na wa afya ya mifugo na mimea. Huyu hajali uzito wala mililita. Hujali kilichomo. Umoja wa Ulaya na Uingereza haziruhusu abiria kutoka nchi kama Kenya kuingiza nyama wala maziwa, hata kipande kimoja cha nyama iliyokaushwa, hata kibuyu kidogo cha mursik, na hata viwe vimefungwa vizuri ndani ya sanduku kubwa. Sababu ni magonjwa ya mifugo kama ule wa miguu na midomo, ambao wafugaji wa Bonde la Ufa wanaufahamu kwa uchungu. Asali kwa Umoja wa Ulaya inaruhusiwa hadi kilo 2 kwa mtu. Miraa, ambayo kwetu ni biashara halali, imekatazwa Uholanzi tangu 2013 na Uingereza tangu 2014, na katika nchi za Ghuba anayepatikana nayo huhesabiwa kuwa mwenye dawa za kulevya. Kwa bwana huyu adhabu huanzia kunyang'anywa, hupanda hadi faini, na huishia gerezani.

Au mbali zaidi. Mnamo Machi 2025 mahakama katika Jiji la Ho Chi Minh, Vietnam, ilimhukumu kifo mwanamke Mkenya aliyekuwa amekamatwa mwaka wa 2023 na zaidi ya kilo 2 za mihadarati katika mzigo wake. Alijitetea kwamba alikuwa amebebeshwa mzigo huo na mtu mwingine. Utetezi huo haukuizuia hukumu, ambayo ilizua kilio kikubwa humu nchini. Sisi ni watu wa kutumana. Mtu akisikia mwana wa jirani anakwenda ng'ambo, huja na kifurushi: "Mpelekee binti yangu, atakungoja kiwanjani." Kumkatalia huonekana utovu wa adabu. Lakini sheria za nchi nyingi humhesabu mwenye mkoba kuwa mwenye kilichomo, na kijana anayepokea kifurushi asichokifungua anaweka sahihi yake mahali asipopaona. Wazazi ndio wanaofaa kumkingia kifua mbele ya jirani, maana yeye mwenyewe hataweza kumwambia mzee "hapana".

Sasa narejea kwenye swali nililoliacha. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi wa huduma haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili afaidike nayo kikamilifu. Ukiviweka vifungu hivi viwili pamoja, sioni ni kwa nini masharti ya mzigo yawe kwa Kiingereza tu, kwa herufi ndogo mno, mwisho wa tikiti ambayo aghalabu hununuliwa na wakala na kubaki katika simu ya wakala. Baba aliyeuza ng'ombe kulipia tikiti hiyo ana haki ya kusoma alichonunua. Hata karatasi moja ya Kiswahili, yenye safu tatu za mabwana hawa watatu, ingewaondolea makarani ugomvi wa kila asubuhi.

Na hapa Eldoret, jiji tangu Agosti 2024, jambo hili lina kidonda chake. Wengi hawajasahau mpango wa masomo ya Ufini na Kanada uliozinduliwa mwaka wa 2021, na jinsi wazazi walivyoandamana mwaka wa 2023 wakidai fedha zao, hadi suala likafika mahakamani. Sitaki kuyachanganya mambo. Ila mafunzo ya mkasa ule kuhusu karatasi yanahusika hapa pia, maana wazazi walitoa fedha nyingi wakiwa na maelezo machache, nao waliokuwa na maelezo walikuwa wengine. Mzigo wa mkononi ni jambo dogo ukilinganisha na karo, lakini hali ya kutojua ni ile ile.

Shule zetu zaweza kufanya kitu bila kungoja wizara. Masharti ya mzigo ni kifungu cha ufahamu kilicho tayari. Kina masharti, vighairi, vipimo, na maneno yenye maana finyu kuliko ya kawaida. Mwanafunzi wa kidato cha nne aliyejibu maswali kumi juu yake atakuwa amefanya Kiswahili, Hisabati na Uraia kwa wakati mmoja, na baadhi yao watakihitaji kabla ya miaka miwili kupita. Nimeona vifungu vya ufahamu kuhusu safari ya mwezini. Sina ugomvi navyo, ila wanafunzi wetu wengi zaidi watapitia Doha kuliko mwezini.

Kama ningeombwa kuandika karatasi hiyo ya Kiswahili, ningeanza na vyeti. Asilia zote za shule, barua ya kukubaliwa chuoni, pasipoti, dawa, fedha na betri ya akiba vikae katika mfuko mdogo usiotengana na mwili, ndani ya ule mkoba wa mkononi. Kwa nini mfuko ndani ya mkoba? Kwa sababu makabati yakijaa, na katika ndege ndogo hujaa upesi, wahudumu huichukua mikoba mlangoni na kuipeleka tumboni mwa ndege. Dakika hiyo ya mlangoni si wakati wa kuanza kutafuta vyeti chini ya viatu. Mkoba ukipotea, Mkataba wa Montreal wa mwaka wa 1999, ambao Kenya ni mwanachama wake, unaweka kikomo cha fidia ya mizigo. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo hicho ni haki maalumu za fedha 1,519 kwa abiria mmoja, takriban dola 2,000 za Marekani. Kwa mzigo anaoushika abiria mwenyewe, shirika hulipa tu ikithibitika kuwa kosa ni lake. Hakuna kikomo kilichowekwa kwa thamani ya cheti cha kidato cha nne, kwa sababu hakuna anayekubali kukilipia.

Yule kijana aliondoka. Unga na viatu vilirudi Eldoret. Betri alikuwa ameiweka mahali pake bila kujua kwamba amepatia, na bahasha ya vyeti aliikumbatia kifuani. Kuhusu kibuyu, mama mtu alimwuliza yule askari: "Mwanangu, hata funda moja haiwezekani?" Askari akajibu kwa heshima: "Mama, hapa ndani haiwezekani. Lakini pale nje hamna sheria." Wakatoka nje wote, mchungaji akiwemo, wakasimama kando ya magari, na kibuyu kikapitishwa mkono kwa mkono. Kijana alipewa mwisho, akanywa hadi makaa ya chini yakamtia weusi midomoni, kisha akakimbia ndani maana foleni ilikuwa imekwisha na jina lake lilikuwa likiitwa.